Kombi Iliyonipokonya Mke

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha nje ya gereji ya Arden Kvale, mkono wangu uko kwenye kitasa, na ndani mke wangu Marlys anacheka. Kicheko chenyewe nilidhani kilishakufa zamani. Kumbe kilikuwa hai, ila kilihamia kwa jirani.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikupitishe haraka. Naitwa Orrin Tveit, fundi rangi wa nyumba na maghala katika wilaya yetu hapa Minnesota. Majira ya kuchipua nilianguka kwenye ngazi nikavunjika nyonga. Nilipokuwa kitandani nalishwa supu, Marlys alikwenda kwa mjane Hedvig Sorum kununua mayai, akaona ghalani kwake, nyuma ya marobota ya nyasi kavu, kitu kimefunikwa turubai. Akafunua.

Ilikuwa kombi ya kulala ya zamani sana, ya miaka ya hamsini, iliyotiwa kitanda na makabati na seremala mmoja wa Milwaukee ambaye alitengeneza chache tu kisha akafunga kazi. Haikuwahi kuonja ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ndiyo maana sakafu yake ilikuwa nzima. Wanaume wengi walishakwenda kumbembeleza Hedvig awauzie, akawanyima wote. Marlys akapewa, kwa sababu wenzake waliulizia injini, yeye akaulizia habari za marehemu mumewe.

Na Arden Kvale, aliyeitafuta kombi ya namna hiyo tangu bado ana nywele, akasikia. Arden ni mstaafu wa lori la maziwa, hajawahi kuoa, na anaoka keki mwenyewe. Nawaambieni wanaume wenzangu, mwanamume anayeoka keki mwenyewe ni wa kuangaliwa kwa makini. Ana gereji yenye joto na vifaa vyote. Kombi ikahamia kwake, na mke wangu akawa anaifuata kila jioni.

Basi nikafungua mlango.

Nilichoona kwanza ni miguu. Miguu minne imetokeza chini ya kombi, miwili ya mke wangu na miwili ya Arden, imelala sambamba kama ya watu wa kitanda kimoja.

"Nani huyo?" sauti ya Arden ikauliza kutoka chini.

"Mume," nikasema.

"Mume wa nani?"

"Wa hiyo miguu midogo hapo karibu na yako."

"Aa, Orrin. Karibu, bwana, karibu. Kahawa ipo mezani, na keki ya matufaha. Jikatie."

"Mnacheka nini?"

Marlys akajivuta nje. Alikuwa na grisi shavuni na vumbi kwenye nywele, na alikuwa mzuri, jambo lililoniudhi zaidi. "Panya," akasema. "Walijaza bomba la hita mahindi hadi juu. Arden kafungua, yote yakammiminikia mdomoni."

"Na mdomo ulikuwa wazi kwa nini?"

"Alikuwa ananieleza kitu."

"Kitu gani?"

"Bomba la hita, Orrin," akasema mke wangu, akarudi chini.

Nikabaki na keki. Niliionja ili niikosoe, nikakosa la kukosoa. Mimi mwenyewe nisingeweza kujilaza pale chini hata kama wangeniita, nyonga yangu haikunjiki tena vile. Kwa hiyo nikaizunguka kombi kwa jicho la kazi yangu.

Jamani, ile rangi. Ilikuwa kijani wakati fulani. Sasa imepauka, ukiigusa inakuachia unga mkononi, na pembeni ina mabaka yaliyochakaa hadi bati linaonekana. Kwenye mlango wa ubavuni mtu alikuwa amechora safu ya misonobari kwa mkono, yote imeinamia upande mmoja. Nikajisemea moyoni, hawa wawili wanashinda hapa na injini isiyoonwa na mtu, na kitu kinachoonwa na dunia nzima kinatia aibu.

"Hii rangi mnaipiga lini?" nikauliza.

Chini ya kombi spana ikagonga sakafu. "Rangi, eh," akasema Arden. "Rangi tutaona."

"Ndiyo," akasema Marlys. "Tutaona."

Sasa, sisi watu wa huku hatusemi hapana. Tumelelewa hivyo. Mtu akikutajia jambo usilolitaka, unamwambia tutaona, naye anaelewa na kubadili mazungumzo. Mimi mwenyewe nimewaambia tutaona mawakala wa bima na wachungaji wawili. Lakini wivu ukishaingia masikioni, mtu hasikii tena hata lugha ya kwao. Mimi nilisikia: tunakusubiri wewe, fundi.

"Tunabanwa na wakati," Arden akaendelea. "Kabla hawajamwaga chumvi lazima iwe imelala."

Hilo la kulala ndilo lililokuwa likininyima usingizi mimi. Watu wa kombi za zamani wa wilaya yetu wana chama chao, na chama kina mila yake: kombi iliyofufuliwa hulala usiku wake wa kwanza pale ilipookotwa. Na haiendi na mtu mmoja. Wanakwenda wawili, mmoja ashike tochi mwenzake akipata matatizo na injini. Watu wawili, kwenye ghala la Hedvig Sorum kando ya ziwa, na ndani ya ile kombi kuna kitanda kimoja chembamba ambacho mtu na mtu lazima wapeane migongo, au wapeane kitu kingine.

"Na watakwenda akina nani?" nikauliza, kama mtu asiyejali.

"Siku bado," akasema Marlys.

Jumamosi iliyofuata waliondoka asubuhi kwenda Duluth kuchukua giaboksi. Wawili, na kikapu cha chakula. Niliwatazama dirishani. Marlys alikuwa ameandaa mikate ya nyama, akanibakizia mmoja kwenye friji, umefungwa vizuri. Nikauchukia ule mkate kana kwamba umenitukana.

Nikajiuliza, huyu Arden ana nini nisichokuwa nacho? Ana spana. Mimi je? Mimi nina brashi. Watu wanatoka mbali kuja kuangalia maghala niliyopaka. Nikasema, leo mke wangu atarudi aone kazi ya mumewe, na huyo mwoka keki aone vilevile.

Kwetu hakuna anayefunga gereji. Nikaingia na vifaa vyangu vyote.

Sijawahi kufanya kazi kwa moyo vile. Nilipiga msasa ubavu wote wa mlangoni mpaka bati likawa laini kama shavu la mtoto. Ile misonobari iliyopinda ilitoka kwa urahisi kabisa, nikaona hata yenyewe ilikuwa imechoka kuinama. Nikapiga rangi ya msingi, nikasubiri ikauke, nikapiga kijani kipya kinachong'aa, bila tone hata moja kuteleza. Kila nilipovuta brashi nilikuwa nazungumza na Arden kichwani. Angalia mstari huo, bwana. Angalia kona hiyo. Nilikula mkate wangu nimekaa kwenye kiti chake, nikaufurahia.

Walirudi jua linazama. Niliwasikia wakicheka tangu nje. Wakaingia wamebeba giaboksi, mmoja huku na mwingine huku, wakasimama.

Kicheko kikakatika.

Wakaiweka giaboksi chini taratibu. Arden akavua kofia. Marlys akaenda hadi mlangoni mwa kombi, akanyoosha kidole pale ilipokuwa misonobari, akagusa. Rangi ilikuwa bado mbichi kidogo. Akakitazama kile kidole.

"Naona umefanya kazi nyingi, Orrin," akasema Arden.

"Siku nzima," nikasema. "Wewe unaonaje, mke wangu?"

Marlys hakugeuka. "Ni tofauti," akasema.

Huku kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mgeni akishindwa kumeza ulichompikia, anakwambia ni tofauti. Mtu akizaa mtoto mwenye sura ya kutisha, majirani wanachungulia kitandani na kusema ni tofauti.

Marlys akatoka, akaingia kwenye gari letu akakaa. Arden alikwenda nyuma ya gereji kwenye kuni zake. Nikamfuata, kwa sababu yeye nilikuwa naweza kugombana naye.

"Haya, sema. Mnanitazama kama nimechinja mtu."

"Orrin, ndugu yangu, ile ilikuwa rangi yake ya kuzaliwa."

"Ilikuwa imekufa hiyo."

"Ndiyo. Ndivyo tunavyoipenda." Alikuwa anapanga kuni ambazo zilishapangwa. "Rangi mpya mtu anapiga hata kesho. Ile ya kwanza ikitoka, imetoka. Unaweza kubadilisha injini, unaweza kubadilisha vioo, watu watakusamehe. Lakini rangi ya kwanza hakuna anayeigusa. Na ile misonobari, seremala aliichora mwenyewe."

"Imepinda."

"Yote aliipinda hivyo, kwenye kila kombi. Mkono wake mmoja ulikuwa na kasoro. Mtu akitaka kujua kama kombi ni ya seremala huyo kweli, anatazama jinsi misonobari inavyoinama." Akafuta uso kwa kofia. "Mimi nilishaiona ya namna hiyo kwenye picha tu. Yetu ilikuwa ya kwanza kuigusa kwa mkono."

"Yetu?" nikasema.

"Yenu," akasema haraka. "Yenu, Orrin."

Nilipaswa kumwomba radhi. Nililiona lile neno "radhi" limekaa hapo mdomoni tayari. Lakini lilikutana na neno "yetu" likarudi tumboni.

Jumatano kulikuwa na chakula cha pamoja katika ukumbi wa kanisa. Watu wa kombi wote walikuwepo na walikwishasikia. Kwetu habari mbaya hufika kabla ya viazi. Nikachukua sahani yangu ya viazi na nyama ya kuoka, na lefse, zile chapati zetu laini za viazi, nikakaa mwisho wa meza. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaja moja kwa moja.

"Tumesikia kuna rangi mpya," akasema. Ukumbi ukanyamaza. Hata vijiko vilinyamaza.

Kabla sijameza, Arden akasimama kutoka meza ya pili. "Mimi ndiye niliyemwambia Orrin aipige," akasema. "Nilikosea kumwelekeza. Lawama nipeni mimi."

Watu wakaguna kwa huruma. Mwenyekiti akampigapiga begani, akamwambia kila mtu hukosea. Na Marlys, aliyekuwa anagawa kahawa, akasimama na birika mkononi akimtazama Arden. Ule mtazamo naujua. Alinitazama mimi hivyo siku nilipompakia mama yake rangi nyumba nzima bila malipo, na mwezi uliofuata akakubali kuolewa nami.

Nisikilizeni jamani. Mtu huyu alinichukulia jioni zangu, akachukua kicheko cha mke wangu, sasa hata kosa langu kanipokonya. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, nililifanya kwa mikono yangu, na yeye kalibeba mbele za watu akapigwapigwa begani kwa ajili yake. Nilikuwa nimebaki na nini?

Ndani ya gari, tukirudi, Marlys alikuwa wa kwanza kusema.

"Umeona alivyokusitiri?"

"Nimeona alivyojipendekeza."

"Kwako?"

"Kwako."

Akaendesha mpaka tukapita kinu cha nafaka. "Orrin, umewahi kuniuliza hata siku moja kwa nini naipenda ile kombi?"

"Sina haja ya kuuliza. Ina Arden chini yake."

Nilitegemea angalau acheke kwa hasira. Hakucheka. Akawasha taa kubwa, akaendelea kuendesha, na mimi nikaona kwamba kitu fulani kati yetu kimesogea. Nilitaka kukirudisha na sikujua kinashikwa wapi. Niseme wazi: niliogopa. Kabla ya hapo nilikuwa na wivu tu, na wivu una joto lake. Hofu ile ilikuwa baridi.

Alhamisi jioni alikuwa anamenya viazi. Mimi najifanya nasoma gazeti, hili hili mnalosoma.

"Jumamosi hii ndiyo inalala," akasema. "Wanasema wiki ijayo wanamwaga chumvi."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

Baada ya rangi, baada ya misonobari, baada ya yale niliyosema kwenye gari, mke wangu ananiuliza mimi. Na mimi, Orrin Tveit, mtoto wa mama yangu, nikasema kile tulichofundishwa wote tangu tunakalia viti virefu vya watoto.

"Aa, mimi wa nini. Nenda na Arden. Ndiye anayejua injini."

Kwetu, mtu akikukaribisha kitu unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa tena, ila kwa sauti laini zaidi. Mara ya tatu ndipo unasema, haya, kama unasisitiza. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Ya pili, hakulelewa vizuri. Kila kahawa tunayokunywa hapa imepita njia hiyo, na Marlys alizaliwa kijiji cha pili, anaijua njia hiyo vizuri kuliko mimi.

Akamenya kiazi kingine. Ganda likatoka refu bila kukatika. "Kwa hiyo hutaki kuja?"

"Si kwamba sitaki," nikasema, na sauti nikailainisha kweli. "Kombi ni yenu nyie. Mimi nitakuwa nawabana tu."

"Haya," akasema Marlys.

Nikasubiri ya tatu.

Akaweka viazi jikoni. Nikasubiri. Tukala. Nikasifu viazi, nikasema siku hizi baridi ya usiku kando ya ziwa lazima ni kali, mtu atahitaji mwenzake. Akasema blanketi zipo. Nikaosha vyombo, jambo ambalo silifanyi, nikimpa nafasi. Akanishukuru, akapanda kulala. Ijumaa nikashinda nyumbani makusudi, nikimfuata chumba hadi chumba na nyonga yangu. Aliniuliza nimeweka wapi tochi.

Tochi ilikuwa ya mtu wa pili. Nikampa mwenyewe kwa mkono wangu, huku nikimwona Arden ameishika.

Jumamosi asubuhi nilisikia mlango, nikajikausha kitandani kama nimelala. Nilikuwa bado nasubiri. Nilijisemea, atarudi, atasimama hapo mlangoni, atasema, Orrin, amka basi twende. Gari likaondoka kuelekea kwa Arden.

Hadi saa sita nilikuwa nimewaona kichwani wamefanya kila kitu ambacho watu wawili wanaweza kufanya ndani ya kombi, pamoja na vingine ambavyo nadhani nafasi isingetosha. Nikavaa buti, nikawasha pikapu yangu ya kazi. Sikujua naenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba nitafika kwenye lile ghala, nifungue milango yote miwili kwa pamoja, na uso wa Arden niuone nitakavyoukuta.

Njia ya kwenda ziwani inapita mbele ya nyumba ya Arden. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jiko. Gari letu limeegeshwa uani, sawa, hilo nilitarajia. Lakini jiko hilo liliwashwa na nani? Nikapunguza mwendo. Dirisha la jikoni lilikuwa na mtu.

Arden alifungua mlango amevaa soksi, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Tukatazamana.

"Wewe unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Ni kwangu hapa, Orrin."

"Si mko ziwani?"

"Nani na nani?" Akatazama nyuma yangu, kwenye pikapu, kiti cha abiria kitupu. Uso wake ukabadilika. "Nilidhani mmekwenda wote. Kombi haipo. Nilisikia ikiondoka, nikajizuia nisichungulie. Sikutaka kuwaona mkiwa wawili."

"Mimi hakunichukua. Alisema… hapana, mimi nilisema. Mimi nilimwambia aende na wewe."

"Na mimi nilimwambia aende na wewe."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Jumanne."

Jumanne. Kabla hajaniuliza mimi. Nikalimeza hilo kwa shida. "Ukajibu nini?"

"Nikasema hiyo ni safari ya mtu na mumewe."

"Akauliza tena?"

"Akauliza tena."

"Na wewe?"

"Nikasema, mimi nitawabana tu."

Keki ilikuwa inaungua ndani, naye hakuondoka.

"Mara mbili tu," nikasema.

"Mbili tu," akasema Arden. "Nilikaa karibu na simu hadi jana jioni."

Ningeweza kuiacha hapo. Tungekuwa wazee wawili wajinga, tungekula ile keki iliyoungua tukacheka. Lakini wivu ni mdadisi, hauachi kitu hadi ukichane.

"Arden. Angekuuliza ya tatu, ungesema nini?"

Akajifuta unga kwenye suruali, mkono mmoja, halafu wa pili. Watu wa huku hawasemi hapana, lakini ni nadra zaidi kumsikia mmoja akisema ndiyo.

"Ningekubali," akasema. "Sitakudanganya, Orrin. Ningekubali, na nisingekwenda kwa sababu ya kombi."

Mkono wangu ulijikunja wenyewe. Nilikuwa nimeusubiri ukweli huo miezi yote hii, nimeuchungulia madirishani na kuusikiliza nyuma ya milango, na sasa umesimama mbele yangu na soksi zenye tundu, na sikuweza kuupiga. Mtu mwenyewe alikuwa analia.

"Na yeye?" nikauliza. "Yeye anajua?"

"Sijawahi kumwambia. Sijui anajua nini. Twende gereji."

"Kufanya nini?"

"Kuna wawili wanaotakiwa na amekwenda mmoja. Nataka kuona amebeba vifaa gani."

Gereji ilikuwa baridi na pana bila kombi. Vifaa vilikuwa vimepangwa kwa utaratibu wake Marlys. Na katikati ya sakafu, pale kombi ilipokuwa, palikuwa na kiti.

Kilikuwa kiti cha mbele cha abiria. Kilikuwa na kitambaa kipya cha miraba myeupe na ya bluu, Marlys alikishona mwenyewe kwa majuma. Boliti zake nne zilikuwa zimewekwa juu yake, zimefutwa mafuta, kwenye kijisahani.

Arden akachuchumaa, akaigusa boliti moja. "Hizi zilikuwa zimekazwa na mimi," akasema. "Siyo kazi ya dakika mbili kuzitoa. Alizitoa leo asubuhi kabla hajaondoka, na mimi nimejificha jikoni."

Kombi ina viti viwili mbele. Amekwenda na kimoja.

Wakati huo simu ikalia. Nikaingiza mkono mfukoni haraka, nikaitoa, nikaitazama. Ilikuwa kimya. Iliyolia ilikuwa ya Arden, juu ya meza ya kazi, karibu na mimi kuliko yeye. Jina la mke wangu lilikuwa kwenye kioo.

Arden alinyoosha mkono wake wenye unga, kisha akaurudisha. "Pokea wewe," akasema. "Ni mkeo."

Nikabonyeza, nikaiweka sikioni. Sikusema kitu. Nilisikia upepo wa ziwani, na nyuma yake ile injini ikinguruma vizuri, bila kukohoa.

"Arden," akasema Marlys. "Uko peke yako?"

Nikamtazama Arden. Alikuwa amesimama kando ya kile kiti kama mtu anayekilinda. Mtu mwenye adabu angesema, ni mimi, mke wangu. Nami nilitaka kusema hivyo.

"Mm," nikaguna, kwa jinsi Arden anavyoguna.

"Vizuri," akasema mke wangu. "Basi kaa chini, nikwambie kwa nini nimekiacha hicho kiti."